Mama wa butike hana deni ya dijitali, Leta ndiyo iko na deni

Ndugu na dada wa Kiambi, wa Kalemie, na ninyi wote munaotusoma ku simu,

Tumechoka kusikia wakubwa wakisema eti wachuuzi wadogo "wako nyuma". Nyuma ya nani? M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012. Sheria yao kubwa ya dijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, miaka kumi kisha. Mama anayeuza sabuni na chumvi hakungojea. Alipokea makuta ku simu ndogo ya vibonyezo, bila intaneti, bila semina, bila mtu wa Kinshasa kumushika mukono.

Na madeni? Anaandika ku kaye. Wanamucheka. Lakini kaye haiombi moto, haiombi rezo, haikati yunite. Huyo mama anajua hesabu kuliko wao.

Tuzungumze basi moto. Barrage ya Piana Mwanga, ku mto huu huu wetu Luvua, ilitoa moto kwa migodi ya bati ya Manono wakati wa wakoloni. Vita ikainyamazisha. Maji yangali yanapita, sisi tunalipa franka ili simu ijae kwa jua ya mwenzetu.

Na musisahau RAM! Mwaka 2020 Leta ilianza kukata ku yunite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Maana yake, kama mama anapanda kutoka simu ndogo kwenda kubwa ili aonyeshe bidhaa zake ku WhatsApp, azabu yake inazidi mara saba. Wananchi walipiga kelele, na 2022 ikafutwa. Ile makuta iko wapi?

Tena hii inatuumiza zaidi: wanataka sisi tuwe watu wa dijitali, lakini takse ya soko inaombwa franka mukononi, mara nyingi bila karatasi. Kwa nini simu inafaa kutukata, haifai kutupa risiti?

Tunaomba hivi. Hesabu yote ya RAM itangazwe, franka kwa franka. Takse ya soko ilipwe ku simu, na risiti ije palepale. Bei ya kutoa makuta ibandikwe mbele ya kila kabine, kwa Kiswahili.

Mama wa soko, mtu akikuomba takse bila risiti, mwambie arudi nayo. Sisi tutasimama pembeni yako.