PDG WA NINI?

Wanafunzi wenzangu, tuangalie profili zetu za Facebook na Instagram. Huyu ni "PDG", yule ni "Bosi wa mji", kumbe minerval hajalipa bado!

Mimi pia niliandika PDG. Sasa mama mumoja wa hapa Uvira alitafuta mutu wa kushona nguo za kwaya. Mimi najua kushona, mashini iko nyumbani. Alisoma profili yangu, akapita. Kazi ikaenda kwa mwenzangu aliyeandika: "Ninashona nguo za kwaya, Uvira. Nikikosea, ninafumua na kushona tena bila malipo." Nilipomuuliza yule mama juu ya nini aliniacha, akacheka: "Mtoto wangu, niliogopa bei ya PDG."

Kwa maoni yangu, cheo cha uongo hakivuti watu, kinawafukuza. Instagram inatupa nafasi ya herufi 150 tu. Zinatosha kusema mambo matatu: unafanya nini, uko wapi, na juu ya nini mutu akuamini. Kama kazi hujaijua bado, andika unachojifunza. Hapana haya.

Mimi nimefuta. Na wewe, ndugu, uko PDG wa nini?