Nguvu ya laptopu yako iko kwenye stika

Jamani, leo nataka tugombane. Nasema na nyinyi wahariri wa video, wachoraji wa 3D na wapenzi wa gemu mnaovunja vibubu kununua laptopu za mamilioni. Mnauziwa stika.

Mfano huu hapa. Nvidia walitoa RTX 4070 mwaka 2023. Kadi ya mezani ina kumbukumbu ya GB 12 na viini 5,888, na inatumia wati 200. Laptopu yenye stika ya RTX 4070 ina GB 8 na viini 4,608, na chipu yenyewe ni nyingine, ndogo zaidi. Tena mtengenezaji wa laptopu anaruhusiwa kuibana hadi wati 35! Mwaka 2025 ikaja RTX 5070, mchezo ukawa uleule: mezani GB 12, laptopu GB 8. Jina moja, mali mbili. Hivi ukiuziwa mchele mwingine kwa jina la mchele wa Kyela utanyamaza?

Najua jibu lenu: "Lakini mimi natembea na kazi yangu." Sawa. Nani kasema kompyuta ya mezani lazima iwe sanduku la bati la kujaza meza? Mazabodi ya mini-ITX, iliyoletwa na VIA mwaka 2001, ni sentimita 17 kwa 17. Kasha lake linaweza kuwa la lita 10, yaani nusu ya ndoo ya maji. Linaingia kwenye begi la mgongoni. Skrini wengi wenu mnazo tayari, moja nyumbani na nyingine ofisini.

Tatizo ni jinsi mnavyochagua vifaa. Mnaanza na prosesa kwa sababu ndiyo yenye sifa mtaani, halafu kasha na pawa saplai vinanunuliwa kwa chenji. Kwenye mashine ndogo hilo ni kosa, maana kinachotawala ni nafasi na joto. Fuateni mpangilio huu.

Kasha kwanza. Soma vipimo vyake: urefu na unene wa kadi, na kimo cha kipozeo. Milimita mbili tu zinaweza kukurudisha dukani. Kama hujawahi kuunganisha, anza na kasha la lita 18 kama NR200 ya Cooler Master. Bado ni dogo kuliko ndoo ya lita 20, na vidole vinapata pa kupita.

Pili, pawa saplai ya kipimo cha SFX. Kwa kadi ya wati 200 na prosesa ya wati 65, wati 600 za kweli zinatosha na kubaki. Nasema za kweli. Zile za bei ya kutupwa, nyepesi kama kopo tupu na zimeandikwa wati kibao ubavuni, ziacheni. Ikifa vibaya inaweza kuondoka na vingine vyote. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, ongeza UPS.

Tatu, prosesa. Ryzen 7 7700 ina viini 8 na imepangiwa wati 65. Ndugu yake 7700X ana viini vilevile 8 kwa wati 105, na kasi anayoongeza ni kidogo. Ndani ya kasha la lita 10, kwenye chumba cha Dar mwezi Januari, hizo wati za ziada utazisikia kwenye kelele za feni.

RAM: mazabodi hizi kwa kawaida zina nafasi mbili tu. Weka GB 16 mara mbili siku ya kwanza. Ukijaza vipande vidogo, siku ya kuongeza utavitoa vyote.

Halafu kuna kebo. Makasha mengi ya lita 10 hulaza kadi nyuma ya mazabodi kwa kebo maalumu. Kebo ya PCIe 3 na kadi ya PCIe 4 zinaweza kukupa skrini nyeusi, na fundi akakwambia kadi imekufa. Usikubali haraka. Chomeka skrini kwenye mazabodi (hiyo 7700 ina grafiki yake ndani), ingia BIOS, shusha iwe Gen 3, kisha ujaribu tena.

Kama kazi yako ni kuandika ukiwa kwenye basi, nunua laptopu iliyotumika ya bei poa, sina ugomvi. Na Mac mini ya 2024? Ni ndogo, ina kasi, lakini RAM uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Chipu ya grafiki ya laptopu ikiungua, mara nyingi unabadili bodi nzima, huku mteja wa video ya harusi anakupigia simu. Kwenye mashine hii unabadili kilichokufa tu. Hata prosesa za Ryzen 9000 za mwaka 2024 zinaingia kwenye mazabodi za AM5 za 2022 ukisasisha BIOS. Hiyo ndiyo mali yako.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: "Kadi ya hii laptopu inapewa wati ngapi?" Akikuonyesha stika, rudisha pesa mfukoni.