Mzee asiye na wa kumtaja

Katika makambi ya zamani ya mkonge, Mnyuzi na kwingineko wilayani Korogwe, mzee anaweza kufahamika na kila mtu lakini asiwe na wake. Watoto wanamwita babu, wanampa shikamoo wakienda shule, naye anaitikia marahaba. Akikaa ndani siku tatu bila kuonekana, majirani huanza kuulizana: "Kwani huyu kwao ni wapi?" Mara nyingi jibu ni jina la mahali ambapo hajapakanyaga tangu ujana wake.

Wazee hawa hawakufika hapa kwa bahati mbaya. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miaka 71 baadaye, mwaka 1964, Tanzania ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 na kuongoza duniani. Kazi ile ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wengi hawakuwa tayari kujifunga kwa mkataba wa kukata mkonge. Ndipo wenye mashamba walipounda SILABU mwaka 1944, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali. Wakaja Wabena, Wanyakyusa, Waha, Wamakonde, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kila mmoja alipewa namba yake, na jina la manamba likawakaa.

Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wengine walioa au kuolewa hapahapa, wakazeeka na kipande mkononi. Baadaye nyuzi za viwandani kama nailoni zikaushusha mkonge sokoni, uzalishaji ukaporomoka na mashamba mengi yakageuka vichaka. Kijana aliyeandikishwa mwaka 1962 akiwa na miaka 20, leo amevuka 80. Hata aliyewekewa akiba katika mfuko wa NPF ulioanzishwa mwaka 1964, fedha zake zilikuwa za kulipwa kwa mkupuo, si pensheni ya kila mwezi. Mkupuo huisha, na uzee unabaki.

Kwa hiyo mzee asiye na makazi katika maeneo haya si lazima awe amelala barazani kama anayeonekana Kariakoo. Huyu ana chumba, ila chumba ni cha shamba. Bati likitoboka hajui amwendee nani. Mwenye mali akitaka nafasi yake, mzee hana hati wala shahidi. Mjane ndiye mwenye hali ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi mwajiriwa aliyeandikwa alikuwa marehemu mume wake, hata kama naye alianika singa miaka mingi.

Je, msaada upo? Upo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee, na asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. TASAF ina ruzuku kwa kaya maskini. Jijini Tanga yako makazi ya wazee ya Mwanzange, kwa wale wasio na mtu wa kuwatunza.

Ugumu uko mlangoni. Kaya za TASAF hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji. Msamaha wa matibabu huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa, ambao ndio wanaothibitisha kwamba mzee hana uwezo. Njia ya kwenda makazi ya wazee hupitia kwa ofisa ustawi wa jamii. Kila hatua inamtaka mtu asimame aseme: "Huyu yupo, nami namfahamu." Mwenye watoto husemewa na watoto wake. Manamba mzee asiyeweza kutembea hadi mkutanoni hasemewi na mtu, na orodha ikifungwa huwa imefungwa bila jina lake.

Hapo ndipo familia ya jirani inapoweza kufanya jambo kubwa zaidi ya sahani ya ugali. Sahani inahitajika, isikome. Lakini anayempelekea mzee chakula akae naye kidogo amuulize mambo matatu: amekula nini jana, analala wapi mvua ikinyesha, na karatasi zake ziko wapi. Karatasi ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Kipande cha zamani, kadi ya TANU, kadi ya kliniki au ya mpiga kura vinaweza kusaidia kueleza umri wake na miaka aliyoishi hapa, hasa kwa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa au mwenye asili ya nchi jirani anayeulizwa habari za uraia. Zikusanywe ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki, panya na mvua visizifikie.

Baada ya hapo, jirani aende naye kwa mwenyekiti wa kitongoji, au aende kwa niaba yake. Siku ya mkutano wa kijiji, anyooshe mkono amtaje kwa jina lake kamili, si kwa jina la utani alilopewa kambini. Vijana wenye bodaboda wanaweza kupanga zamu ya kumfikisha zahanati. Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kinaweza kutenga fedha kidogo kila wiki kwa ajili ya sabuni na mafuta ya taa. Msikiti na kanisa vyote vina watu wanaojua kupanda juu ya paa na kupiga msumari.

Zanzibar ilirahisisha jambo hili kwa namna nyingine. Tangu Aprili 2016, kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi anayetimiza masharti hupata pensheni jamii, iliyoanza kwa sh20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi sh50,000. Hapo umri ndio unaomsemea mzee, awe na watoto au asiwe nao. Bara haijafika huko, na mpaka itakapofika, mdomo wa jirani ndio wenye kazi hiyo.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mzee wa kambini hafanani na wenyeji kwa kabila, na pengine hata lafudhi yake haijabadilika. Lakini amekata mkonge wa nchi hii hadi mgongo ukapinda. Mkutano ujao wa kijiji ukiitishwa, jina lake liwe limeshaandikwa kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa jirani yake.