Matembezi ya Uhai Yaishie Mlangoni kwa Binti

Parokia inapotangaza matembezi ya kutetea uhai, shughuli huwa kubwa. Jumuiya zinachangishana fedha za fulana, WAWATA wanashona sare, watoto wa Utoto Mtakatifu wanatangulizwa na mabango, na matarumbeta yanafuata nyuma. Ni jambo jema. Mkristo anayesadiki kwamba uhai ni zawadi ya Mungu tangu mimba inapotungwa hana sababu ya kuona haya kulisema hilo barabarani mchana kweupe. Lakini yafaa tujiulize: tukitembea hivyo, tunamwendea nani?

Wenzetu wa Marekani walikuwa na jibu. Tarehe 22 Januari 1973, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba katiba inampa mwanamke haki ya kutoa mimba. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, mwanasheria Nellie Gray na wenzake waliitisha maandamano Washington, na tangu hapo waumini wamekuwa wakimiminika huko kila Januari, katika baridi kali. Uamuzi ule ulitenguliwa tarehe 24 Juni 2022. Kwa karibu miaka hamsini walijua wanamwendea nani: jaji.

Sisi Tanzania hatuna jaji wa kumwendea. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inamtishia kifungo cha miaka 14 mtu anayemtoa mwanamke mimba, na kifungu cha 151 kinamtishia mwanamke mwenyewe miaka 7. Sheria hiyo ni ya zamani, lakini mimba zinatolewa kila siku, kwa siri na kwa njia za hatari, na wapo mabinti wanaozikwa kwa ajili hiyo. Kama hofu ya jela ingetosha, tusingehitaji bango hata moja.

Basi binti huyo anamwogopa nani kuliko polisi? Anamwogopa baba atakayemfukuza nyumbani. Anaogopa mama yake asije akasemwa sokoni. Na tuseme kweli, anatuogopa sisi. Mwanakwaya akishika mimba huvuliwa joho na kuambiwa akae nyuma, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kuimba besi Jumapili hadi Jumapili, wala hakuna anayemuuliza. Binti anayajua hayo kabla hayajamfika, maana aliona yaliyompata mwenzake. Akijipenyeza usiku kwenda kwa muuza vidonge, sisi ndio tuliomsindikiza.

Atasema mtu kwamba tukimpokea tunahalalisha uzinzi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani wazazi wana wajibu wa kuonya. Lakini kuonya kuna wakati wake, na dhambi ina kitubio. Kitubio hakimnyimi mtu uji wala nauli ya kliniki. Tena aliye tumboni hana kosa lolote la kuadhibiwa. Maria alipokuwa mjamzito alikwenda kwa Elizabeti, akapokewa kwa furaha, akakaa kama miezi mitatu. Sisi tunaosali Rozari na kulitafakari tendo hilo, ni nani kati yetu aliyempokea binti wa jirani hata kwa siku tatu?

Hata serikali imelegeza. Novemba 2021 ilitangaza kwamba wasichana waliokatizwa masomo kwa kujifungua waruhusiwe kurudi shuleni. Ikiwa shule imefungua lango, Kanisa litabakije limefunga?

Ndugu zangu, tembeeni, na mwimbe kwa sauti. Ila kabla ya kununua fulana nyingine, kila jumuiya itenge sehemu ya michango yake kwa ajili ya mama asiye na kitu: glavu na kanga za kujifungulia, nauli ya hospitali, maziwa ya mtoto. Akina mama wawili wenye kifua cha kutunza siri wateuliwe, na mabinti waambiwe waziwazi kwamba wakipata shida waende kwao. Akina baba wamwite kijana aliyehusika wamkalishe chini, naye abebe mzigo wake. Paroko atangaze kanisani kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kubeba mimba. Na binti akishajifungua, asindikizwe arudi darasani, mtoto akibaki kwa bibi au kwa mwanajumuiya.

Haya hayahitaji kibali cha polisi wala matarumbeta. Yanahitaji moyo, na siku 364 zinazobaki baada ya matembezi.