Kriminolojia si masomo ya kuchekwa, hasa kwa wahami

Kijana akipata diploma ya serikali kisha akasema anataka kusoma kriminolojia, nyumbani wanacheka. Baba anauliza: unaenda kusomea ujambazi? Mjomba anamwambia asome udaktari, au aachane na yote akauze mafuta. Na kwa familia za wahami, ambazo hata karo ya sekondari inazishinda, swali ni moja tu: masomo hayo yataleta ugali?

Swali hilo ni la haki. Kicheko ndicho kisicho cha haki, na wanaokilipia ni wahami wenyewe.

Watu wakumbuke kesi mbili za hapa hapa Kivu ya Kusini.

Minova, Novemba 2012. Askari wa serikali waliokimbia baada ya Goma kuanguka walibaka na kupora kwa siku kadhaa. Askari 39 wakafikishwa mahakamani. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikatoka: wawili tu walipatikana na hatia ya kubaka. Wawili! Kina mama walikuja mbele ya majaji wamejifunika vichwa, wakasimulia yote. Lakini wengi hawakuweza kumtambua aliyewatenda, na uchunguzi haukuweza kuonyesha ni askari yupi aliingia nyumba ipi. Mahakama haihukumu kwa machozi.

Kavumu, kati ya 2013 na 2016. Watoto wa kike walichukuliwa usiku wakiwa wamelala, wakabakwa. Serikali ilichelewa, tena sana, wazazi wakilia bila kusikilizwa. Lakini madaktari waliowapokea watoto waliandika kila jeraha. Mahojiano ya watoto yakarekodiwa kwa video ili wasisimame mbele ya waliowaumiza. Na kesi zilizokuwa zimetawanyika, kila familia na faili yake, zikasomwa pamoja mpaka ikaonekana ni kundi moja. Desemba 2017 watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo, wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Kusoma mafaili 40 na kuona mkono mmoja ndani yake, hiyo ndiyo kazi ya kriminolojia, hata kama si wote walioifanya Kavumu walikuwa na diploma yake. Masomo haya hayafundishi kumkimbiza mwizi. Yanafundisha kuuliza kwa nini kosa linatokea pale na si pengine, nani anafaidika, mhanga anahojiwaje bila kuumizwa mara ya pili, mfungwa anarudije kijijini bila kurudia kosa.

Kazi zipo? Zipo mahali pengi kuliko watu wanavyodhani: kwa OPJ na kwenye parke, katika magereza, kwenye mahakama za watoto zinazotajwa na sheria ya Januari 2009, katika mashirika yanayotetea haki za binadamu. Tangu Desemba 2022 kuna pia sheria iliyozaa FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga wa ubakaji na wa makosa ya vita. Mfuko huo unapaswa kuwatambua wahanga. Nani atawatambua, na kwa njia gani, kama hakuna waliosomea kupokea ushuhuda?

Tusidanganye vijana, hata hivyo. Kupata diploma si kupata mshahara. Serikali inaajiri kwa kujuana, na OPJ wengi wanakosa hata karatasi ya kuandikia. Mashirika makubwa nayo yana lawama yao: yanaleta mtaalamu kutoka ng'ambo kwa wiki mbili, anamhoji mama aliyekwisha kuhojiwa na wengine watatu, anaondoka na daftari lake. Kijana wa Masisi anayejua Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili anapewa kazi ya kutafsiri tu. Na shule yenyewe iko mbali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina shule ya kriminolojia, lakini kutoka Goma ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mhami hana nauli hata ya kufika Bukavu.

Kinachodaiwa hapa si kikubwa. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Bunia vifungue masomo haya kwa minervali ambayo mtoto wa mkulima anaweza kulipa. Kila shirika linalokusanya shuhuda lichukue vijana wa hapa, liwafundishe, liwalipe kama wachunguzi.

Na lifanyike haraka. Februari 2025 kambi kubwa za kandokando ya Goma zilipobomolewa, familia zilipewa muda mfupi tu kuondoka. Jirani aliyeona nani alichoma nyumba sasa yuko Minova, dada yake yuko Burundi, mzee aliyejua majina ya wote amefariki njiani. Mengi waliyoyaona hayajaandikwa mahali popote.