Kliniki Haiwahi Siku ya 28
Mwandishi aliyedai kwamba watoto huzaliwa na mdomo wazi au fuvu lisilofunga kwa kuwa mama zao huchelewa kliniki amekosea hesabu. Mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Wangewahi kliniki ipi?

Kwa fuvu na mgongo, kinga kubwa ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba (kwa mdomo wazi ushahidi ni hafifu). Kanuni za Tanzania za 2011 zilitaka unga wa viwandani uongezwe virutubishi, ikiwemo asidi hiyo, lakini mahindi mengi yanayosagwa kwenye mashine za mtaani hayaguswi. Lawama zipelekwe huko.

Ipo pia valproeti, dawa ya kifafa inayoongeza hatari ya kasoro hizi. Anayeitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba, asiiache mwenyewe. Vinasaba navyo vimo, na baba huvirithisha vilevile. Mara nyingi sababu haionekani kabisa. Mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo aambiwe hivyo waziwazi, kwani majirani wameshamwambia amelaaniwa.