Reli ya Kusini Isijengwe Tena kwa Ajili ya Mzigo Mmoja

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay haikosi kutajwa panapozungumzwa maendeleo ya Kusini. Tunaelezwa habari ya takribani kilomita 1,000 za reli ya kisasa, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Siipingi reli hiyo. Ninachokipinga ni namna inavyozungumzwa, kana kwamba baina ya bandari na mgodi hapaishi watu.

Wanaozungumza hivyo wamesahau kwamba Kusini ilikwisha kuwa na reli. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Ili karanga zifike baharini ikajengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na baadaye kutoka bandari mpya ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Reli ikabaki inatafuta mzigo. Ilifikishwa Masasi mwaka 1958. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Jibu tulilozoea kupewa ni kwamba mzigo haukuwapo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mkorosho hauzai kwa msimu mmoja. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kumlipa aliyeupanda. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka Kusini. Kwa hiyo, reli ilipokuwa ikifungwa, mzigo wake ulikuwa unakua mashambani mwa wakulima wadogo wa Masasi, Newala na vijiji vya bonde la Lukuledi. Wapangaji waliitazama karanga ambayo haikuota, wakaipita mikorosho iliyokuwa mbele ya macho yao. Reli ile iliuawa na upofu wa waliompuuza mkulima.

Leo karanga imebadilika jina, inaitwa makaa ya mawe. Watetezi wa mradi watasema kwamba mzigo mzito ndio unaorudisha gharama, na kwamba korosho, zao la miezi michache kwa mwaka, haiwezi kuilisha reli peke yake. Wana haki katika hilo. Lakini makaa nayo yana bei isiyopangwa Songea wala Dodoma, na baadhi ya nchi zinazidi kuyakimbia. Reli inayotegemea mteja mmoja hufa mteja huyo anapoondoka. Kinga yake ni mizigo mingi: korosho na ufuta zikishuka bandarini, salfa, mbolea na saruji ya Mtwara zikipanda bara, na abiria katika kila safari.

Mizigo hiyo haitajileta yenyewe. Inahitaji mambo matatu yaamuliwe sasa, kabla mkandarasi hajafika.

Kwanza, vituo. Treni isiyosimama ni kelele tu kwa mwanakijiji. Maghala ya vyama vya ushirika na vituo vya reli vipangwe katika mchoro mmoja, na barabara za kushuka kutoka Newala na Tandahimba zihesabiwe kuwa sehemu ya mradi. Watu wa uwanda wa juu wasiachwe wakiitazama reli bondeni kama wanavyoutazama mto Ruvuma.

Pili, ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mkorosho mkubwa ni pensheni ya mzee na karo ya mjukuu wake; anayeuthamini kama kuni anadhulumu, hata akiwa na mhuri wa Serikali.

Tatu, taarifa. Njia ya reli, kuanzia mitaa ya Mtwara inayopakana na bandari hadi kijiji cha mwisho, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji na mitaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ijadiliwe katika mikutano mikuu ya vijiji wakati bado inaweza kubadilishwa. Mwaka 2013 Mtwara iliingia katika vurugu na umwagaji wa damu kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Chanzo kimoja cha hasira ile kilikuwa hisia kwamba uamuzi umekwisha kupitishwa na wenyeji wanaitwa kupiga makofi tu.

Ndugu mtumishi wa umma, unapopokea rasimu ya mradi huu mezani kwako, tafuta ndani yake neno "korosho" na neno "abiria". Ukiyakosa, irudishe. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, ulizeni vituo viko wapi kabla ya kushangilia kasi ya treni. Kusini ilikwisha kujengewa reli ya watu wengine, na ilidumu miaka michache tu. Safari hii tudai iliyo yetu.